Zamu Ambayo Mzee Rajabu Hakuikabidhi

Mliponiaga pale kwenye shedi ya treni mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na nawashukuru, ingawa mtu aliyekimbizwa na saa za reli tangu ujana wake mngeweza kumpa hata jogoo. Mke wangu ameshaitoa betri. Anasema mlio wake unamkumbusha siku nilizokuwa naondoka chakula kikiwa mezani. Basi inaning'inia pale kimya, na sisi tunakula kwa utulivu.

Siku ile mliniomba niwaandikie maneno machache kuhusu kazi. Najua mlitaka habari za dizeli, maana ndizo mnazozishika kila siku, na pengine mlitaka kusikia nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa. Nitawaangusha. Nimejaribu kuanzia huko nikashindwa, kila nikishika kalamu mkono unakwenda kwa Mzee Rajabu na vichwa vya treni vya mvuke, na siku niliyompeleka kwenye makumbusho ya reli hapa Manyoni. Nivumilieni.

Mimi ni mtoto wa Mkiwa, wa wakulima wa uwele na alizeti. Kwetu reli tuliisikia kwa mbali tu. Nilipopata kazi ya usafishaji wa vichwa hapa Manyoni, mama alininyoshea shati jeupe kwa pasi ya mkaa, akijua mwanawe anakwenda kukaa ofisini. Fomeni aliniangalia kuanzia juu hadi chini, akanipa ndoo ya mafuta ya taa na furushi la pamba chafu, akanionyesha shimo lililo chini ya kichwa. "Ofisi yako hiyo," akasema. Nilishinda humo nafuta grisi iliyoganda, ikinidondokea shingoni. Jioni mama alipoliona lile shati alikaa chini akalia, na mimi nikalia naye, maana lilikuwa moja tu.

Nikiwa humo shimoni ndipo nilipomfahamu Mzee Rajabu. Alikuwa dereva, Mnyamwezi wa upande wa Tabora aliyeoa na kujenga Manyoni, mtu mfupi, mpana, na kofia yake haikutoka kichwani hata akila. Aliinama akachungulia.

"We nani huko chini?"

"Elia, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mnyaturu."

"Ala! Mtani! Toka humo haraka. Mnyaturu hasafishi kichwa, anakipaka tu uchafu upande wa pili. Kingekuwa kuku ungeshamnyonyoa zamani."

Wanyamwezi na sisi ni watani, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia mbona na yeye kanenepa hivyo, au michembe ya kwao, vile viazi vikavu, inatiwa hamira? Wenzangu shimoni walishika vinywa. Msafishaji wa siku moja anamjibu dereva! Mzee alicheka mpaka akashika magurudumu. Tangu siku ile aliniita mtani, mbele ya wakubwa na mbele ya abiria, na jina langu nadhani alilisahau kabisa.

Baada ya muda aliniomba kwa fomeni niwe faya wake, yaani mtu wa moto. Kichwa chetu tulikiita Shangazi, kwa sababu kilikuwa kinalalamika tangu asubuhi na kilitaka heshima kila unapokikaribia. Msidhani nilikuwa nachota makaa kwa beleshi. Vichwa vyetu vilichoma mafuta mazito, meusi, yanayonuka kama lami. Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga mafuta kwa mkono mmoja, kuangalia kioo cha maji kwa jicho moja, na kwa jicho la pili kuangalia bomba la moshi. Moshi mweusi, umezidisha mafuta na unaziba mirija. Moshi mweupe, moto unataka kukufia. Mzee Rajabu alitaka moshi mwepesi wa kijivu, unaoonekana na kutoonekana.

"Kama moshi wa bibi anayechemsha maji ya kuoga," alikuwa akisema. "Si wa nyumba inayoungua, mtani. Hebu ona ulichofanya, watu wa Kintinku wataleta ndoo."

Mirija ikishika masizi nilirusha mchanga ndani ya tanuru kupitia tundu la mlango. Moto unauvuta mchanga, unakwangua masizi, na bombani linatoka wingu jeusi tii. Kuna sehemu za kufanyia kazi hiyo na kuna sehemu ambazo ni marufuku. Wiki yangu ya kwanza niliifanya mbele ya nyumba ya stesheni masta, siku mke wake ameanika mashuka. Mzee alishuka mwenyewe akaenda kuomba radhi, akarudi akaniambia yule mama ameuliza kabila langu na yeye amemjibu hajui, ila anahisi ni wa kule kwenye vumbi.

Nikumbuke mlima wa Saranda, maana hapo ndipo nilipojifunza kazi. Ukitoka bondeni unapanda ukuta mzima wa Bonde la Ufa kabla hujaifikia Manyoni. Mwaka mmoja mvua zilikuja na viwavi jeshi, wakawa wanavuka reli kwa maelfu, na treni yetu ya abiria ikawakuta katikati ya mlima. Magurudumu yakawasaga, reli ikawa utelezi mtupu. Shangazi akawa anapiga makelele, magurudumu yanazunguka, na treni haiendi hata hatua. Mchanga wa kuzuia utelezi, wa kwenye tangi letu, ulikuwa umelowa, hautoki.

Mzee hakupandisha sauti. Alinituma nikate matawi, nikatangulia mbele ya kichwa nafagia viwavi, nachota mchanga mkavu chini ya mawe kwa kofia yangu, naumwaga kwenye reli. Naye alikuwa ananifuata kwa mwendo wa konokono. Abiria walishuka. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu alitembea sambamba nami akinisimanga kwamba angejua angepanda punda. Mzee akatoa kichwa dirishani: "Mama, huyo ni Mnyaturu, usimseme. Akikasirika anarudi kwao na mchanga wake." Watu wakacheka, wanaume wakavunja matawi wakaja kunisaidia kufagia. Tulifika juu mikono yangu ikivuja damu. Mzee aliniosha kwa maji ya moto ya kichwa, kidole kimoja kimoja, akanifunga kitambaa. Sijasahau. Baba yangu alikuwa mtu mzuri, lakini hakuwahi kuniosha mikono.

Sasa niwaeleze desturi moja ambayo nyinyi hamkuikuta. Dizeli ukimaliza zamu unaizima, unafunga mlango, unakwenda zako. Kichwa cha mvuke kilikuwa hakiachwi hivyo. Dereva haondoki mpaka aonane uso kwa uso na yule anayempokea. Wote wawili wanashika chuma cha ngazi, na yule anayeondoka anasema mambo matatu kwa mpangilio: maji, moto, maradhi. Maji yamefika wapi kwenye kioo. Moto ukoje. Maradhi ni kasoro za kichwa, bomba linalovuja, breki inayovuta upande. Anayepokea anajibu, "Nimepokea, kapumzike." Bila neno hilo wewe bado uko kazini, hata kama umeanguka. Nilimwona Mzee Rajabu na malaria, meno yanagongana, amekaa juu ya Shangazi akimsubiri mwenzake aliyekwama njiani. Nilimwambia aende mimi nitabaki. Akaniambia, "Mtani, umenipokea wewe? Basi nyamaza."

Dizeli zilipoanza kuwa nyingi, alinipeleka mwenyewe kwa fomeni nikaandikishwe masomo ya mitambo mipya. Mimi sikutaka. Nilimwambia nitabaki naye. Alikasirika, mara ya kwanza kumwona amekasirika kweli. "Ubaki kufanya nini? Huku hakuna kesho. Mama yako atakula moshi?" Nikaondoka. Tuliagana kwa matani, yeye akisema sasa atapata faya anayejua kuoga.

Nilikuwa masomoni Shangazi alipofanya safari yake ya mwisho. Nilisimuliwa na gadi aliyekuwa kwenye treni ile. Mzee alileta mabehewa ya mizigo kutoka Itigi, akaingia shedini, akasimamisha. Fomeni akamwambia kichwa kimemaliza kazi, moto utazimwa, aende nyumbani. Mzee akauliza nani wa kumpokea. Akaambiwa hakuna. Akauliza tena. Hakuna. Akapanda juu akakaa mahali pake, mafundi wakazima moto yeye akiwa palepale, na jua lilipoanza kushuka mkewe alikuja akamshika mkono wakaenda. Gadi alinisimulia akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia kituko. Mimi sikucheka.

Miaka ya dizeli nitaipitia haraka, mnaijua. Nilifanya kazi Tabora, nikafanya Dodoma, nikarudi Manyoni. Mzee Rajabu alistaafu, nikawa napita kwake kila Idi, ananipa pilau na matusi ya utani. Mkewe akafariki. Halafu mimi nikahamishwa tena, na kurudi kwangu safari hii ni huku kwa kustaafu. Kabla sijamaliza kupanga vyombo, simu ikalia. Alikuwa Zuhura, binti yake wa mwisho, anayeishi naye.

"Kaka Elia, shikamoo. Baba anatoroka."

"Marahaba. Anatoroka kwenda wapi?"

"Kwenye reli. Kila alasiri anavaa kofia yake anasema hajakabidhi. Jana treni ya mizigo imepiga honi mpaka watu wametoka majumbani, yeye kasimama katikati ya reli anaipungia mkono isimame. Imebaki kidogo tu, kaka. Kidogo tu. Kaka zangu wanasema tumfungie chumbani. Mimi siwezi kumfungia baba yangu kama mbuzi."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta barazani, amekonda, ule upana wote umekwisha, lakini kofia iko kichwani. Nikampa shikamoo. Akaitikia vizuri, akaniuliza nimekuja na treni gani. Nikamwambia, "Mnyamwezi, mbona umekonda hivi? Michembe imekwisha?"

Alinitazama kwa upole. Akaniomba radhi. Akasema kwa kweli michembe hawana siku hizi, lakini binti ataniletea chai, nisione vibaya.

Ndugu zangu, nilishika kikombe sikuweza kunywa. Ningependa anitukane mimi na ukoo wangu wote. Aliongea nami kwa adabu ile unayompa mgeni wa watu, na nikajua kwamba huko aliko mimi sipo. Zuhura aligeukia ukutani akajifuta kwa mtandio.

Nikakaa naye nikimsikiliza. Maneno yake yalikuwa yale yale: kichwa amekiacha, hajamwona mwenzake, watu watasema Rajabu kakimbia zamu. Ndipo nikapata wazo, na nikajiona mjanja sana.

Shedi ya zamani, kama mnavyojua, sasa ni makumbusho ya reli. Kuna vichwa vitatu vya mvuke, na cha katikati ni Shangazi. Mtunzaji wake ni Bi Salome, Mnyiramba wa Shelui, aliyekuwa akiuza tiketi zamani. Nilikwenda nikamkuta anafagia. Nikamkaribia Shangazi, nikanyoosha mkono.

"Usiguse," akasema Bi Salome bila kugeuka. "Kibao hukioni?"

"Bi Salome, hiki kichwa kimeniunguza mkono mpaka leo nina kovu."

"Basi ungekuwa umejifunza."

Nilipomweleza habari ya Mzee Rajabu aliweka ufagio chini. Baba yake mwenyewe, aliniambia, alimaliza siku zake akiwaita mbuzi aliowauza zamani. Akakubali atufungulie asubuhi kabla ya wageni, na kibao tutakigeuza.

Nilifanya kazi pale kama siku zangu za shimoni. Nilisugua shaba mpaka nikajiona sura. Nilipaka mafuta vyuma vya magurudumu, nikafuta vumbi la popo kwenye sakafu ya dereva, nikafunga kamba ya mlangoni iliyolegea. Bi Salome alinisaidia kupiga rangi nyekundu ngazi. Mpango ulikuwa mwepesi: Mzee ataletwa, atamwona Shangazi, mimi nitavaa ovaroli na kusimama kama dereva wa kumpokea, atakabidhi, nitasema neno lile, naye atapumzika. Na moyoni, niseme kweli, nilikuwa na tamaa yangu nyingine. Nilidhani akiniona pale, kwenye kichwa chetu, na mafuta mikononi, atanijua. Ataniita mtani.

Zuhura alimleta kwa bajaji. Alipouona mlango wa shedi Mzee alinyooka mgongo. Akamwacha binti yake, akaingia peke yake. Alianza kumzunguka Shangazi kama tulivyokuwa tukifanya, anagonga gurudumu kwa fundo la kidole, anagusa kila beringi kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna joto, anainama kutazama breki. Zuhura alinishika mkono akaniminya. Mimi nilikuwa natabasamu kama bwana harusi. Mzee akashika ngazi, tukamsukuma kidogo kwa nyuma, akapanda. Nikapanda nyuma yake.

Juu kule alitazama kioo cha maji. Kikavu. Akakigonga. Kisha akaweka kiganja kwenye mlango wa tanuru.

Baridi.

Aliutoa mkono kwa ghafla, kama mimi nilivyowahi kuutoa kwa kuungua. Akauweka tena. Akageuka, na uso wake sitausahau mpaka naingia kaburini.

"Moto," akasema. "Moto uko wapi? Moto umekufa!"

Hapo ndipo nilipotambua nilichokisahau. Nilikuwa nimeishi na dizeli mno, nikashughulikia shaba na rangi. Kichwa cha mvuke hakikabidhiwi kikiwa baridi. Moto kufa zamuni ilikuwa aibu kubwa kuliko kuangusha behewa, na mtu aliyefukuzwa kwa hilo alikuwa faya, siku hiyo hiyo, bila maneno. Mimi niliyekuwa faya ndiye niliyemleta mzee wangu kwenye tanuru la baridi.

Alianza kutetemeka. Zuhura akalia kutoka chini, "Kaka, mtoe, jamani mtoe!" Bi Salome akaja kushika ngazi. Mzee alikuwa anatazama huku na huku, nyuma ya kiti, kwenye tangi la maji.

"Faya wangu yuko wapi?"

Nikamshika mabega. "Nipo hapa, Mzee. Ni mimi. Elia. Mtani wako."

Alinitazama kwa makini sana, usoni, mvi zangu, ovaroli yangu. Nikasubiri.

"Wewe siye," akasema. "Yule ni kijana."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, maana nilikuwa bado nimemshika. Yeye akawa ananichunguza, na nikaona kitu kinabadilika. Kutetemeka kulipungua. Aliitazama ovaroli, akatazama tanuru, akanitazama tena. Ni kama alipiga hesabu akaipata: huyu ndiye dereva wa kunipokea, na ameshaona moto umekufa. Akaiweka kofia sawa. Akanitangulia kushuka, taratibu, ngazi kwa ngazi, akasimama chini, akashika chuma. Nami nikashuka nikashika juu ya mkono wake.

"Maji hamna," akasema. Sauti ilikuwa ya dereva, ile ya zamani. "Moto umekufa. Maradhi, breki ya kushoto inavuta."

Akaangalia juu, kule kwenye tanuru.

"Moto nimeuua mimi. Faya nilimtuma chai. Nikafunga mafuta nikidhani nafungua. Fomeni akiuliza, ni Rajabu."

Mzee Rajabu hajawahi kufunga mafuta akidhani anafungua maisha yake yote. Na dereva kumtuma faya chai kichwa kikiwa na moto, hilo halikuwahi kutokea Manyoni. Alikuwa anadanganya. Mtu ambaye hakumbuki amekula au hajala alikuwa amekaa akatunga uongo, mzima, wenye mpangilio, na akaubeba mwenyewe.

"Bwana Dereva," akaendelea, sasa ananibembeleza, "yule kijana msimfukuze. Ni mtu wa kazi. Ana mama yake Mkiwa anayemtegemea. Mimi nimeshazeeka, nifukuzeni mimi."

Mzee alikuwa anasubiri na mkono wake umekaza ile ngazi mpaka mishipa imesimama. Zuhura akanigusa mgongoni. "Kaka, mjibu. Tafadhali, mjibu."

"Nimepokea, Mzee," nikasema. "Kapumzike."

Aliuachia mkono ule polepole. Akashusha pumzi ndefu, akavua kofia, mara ya kwanza kumwona bila kofia, akajifuta jasho. Akasema amechoka sana. Zuhura akamshika kiuno wakaenda kwenye bajaji, na alilala begani kwake kabla hawajafika barabarani. Bi Salome alinikuta nimekaa kwenye ile ngazi yenye rangi mbichi. Hakuniambia nisiguse. Alikaa pembeni yangu, naye akaharibu gauni lake.

Tangu siku ile Mzee Rajabu hajakwenda tena kwenye reli. Honi ikilia anainua tu uso, kisha anaendelea na chai yake. Anakula, analala, na lango la nyumba liko wazi. Kaka zake Zuhura wamenyamaza. Bado hanijui, na sidhani kama atanijua tena. Ila huwa nakwenda kila Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini, nakaa naye barazani, ananipokea kwa ile adabu yake, mimi dereva mwenzake wa kutoka mbali.

Ijumaa iliyopita alinisogelea, akishusha sauti ili Zuhura asisikie.

"Samahani, Bwana Dereva. Yule faya wangu, walimfukuza?"

"Hapana, Mzee. Hawakumfukuza. Amefanya kazi mpaka amestaafu."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaegemea kiti, akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaongea macho yakiwa yamefumbwa. "Ukimwona mwambie aje anisalimie. Simwoni siku hizi. Mtani wangu yule."

Nikamwambia nitamwambia.